Baba Aliahidi Risasi Tatu

Mawese yakipata moto mdogo, kabla hayajaanza kutoa moshi, yana harufu ambayo mtu wa Kigoma ataitambua hata umfumbe macho. Juzi nilikuwa jikoni kwangu, mbali na nyumbani, nimeyaweka kwenye sufuria ili nikaangie samaki. Harufu ikapanda, nikacheka peke yangu. Mwanangu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nimekumbuka bunduki. Aliniangalia kama anayejiuliza uzee umeanza lini, kisha akarudi kwenye simu yake. Basi nawasimulia ninyi, maana yeye alikuwa na haraka.

Tuelewane mapema kabisa. Mtaani kwetu Ujiji watu walisema Baba ni mbishi, na mimi nimemrithi. Sikatai. Nimeitwa mbishi shuleni, kazini, na hata na wifi zangu wote watatu, na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Ila nataka mjue ubishi wenyewe nilijifunzia wapi.

Baba alikuwa na bunduki ya kuwindia, ya halali, yenye kitabu chake cha kibali, aliyoachiwa na babu. Hakuwa mwindaji wa kujisifu. Alikuwa mkulima wa mpunga kule bondeni, mto Luiche unakokaribia kuingia ziwani, na wakulima wenzake walimtegemea afukuze nguruwe pori, na ikibidi, kiboko. Bunduki ilikaa ndani ya gunia, juu ya kabati la chumba chake. Sheria ya nyumba ilijulikana: mtoto haigusi, na mtoto wa kike ndiyo kabisa asiisogelee. Wawindaji wa upande ule waliamini kwamba mkono wa mwanamke unaharibu shabaha. Baba hakusema anaamini wala hakusema haamini. Alinyamaza tu, na mimi, binti yake wa pekee, niliuchukia unyamavu ule kuliko sheria yenyewe.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilifika mwaloni, pale ufukweni zinapotia nanga, kila siku, zimejaa watu wenye magodoro kichwani, kuku mikononi, na vyerehani ambavyo sijui walivipakiaje. Wengi walipelekwa kambini kwa lori. Wachache walibaki kwenye shamba la michikichi lililopakana na mpunga wetu, wakajenga vibanda vya makuti na turubai. Miongoni mwao alikuwapo Mama Goreti. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuja kwetu siku ya kwanza kuomba chumvi, akaishia kumsaidia Bibi, mama yake Baba, kumenya muhogo. Alikuwa na watoto wawili, Goreti mwenyewe, wa umri wangu wa miaka tisa, na mdogo wake Pasi, aliyekuwa anajifunza kusema.

Alikuwa na wa tatu, au tuseme wa kwanza. Aliitwa Dezire, ana miaka kumi na miwili. Ng'ambo kule, bunduki zilipolia kijijini kwao, Mama Goreti aliwashika wadogo wawili, mmoja kila mkono, akamwambia Dezire amfuate nyuma. Alipofika ziwani na kugeuka, Dezire hakuwepo. Mtu mmoja alimwapia kwamba alimwona mtoto huyo akipanda boti nyingine. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Goreti aliteremka mwaloni kutazama boti zinazoingia, na ndiyo maana hakutaka kusikia habari ya kambi. Kambi ilikuwa mbali. Dezire akija, atamkuta nani ufukweni?

"Mimi nakaa hapa hapa," alimwambia Bibi, "mpaka mwana wanje aje." Kwa lugha yao, mwana wanje ni mwanangu. Bibi akamwambia akae, na kwetu Bibi akishasema, shauri limekwisha.

Ikatoka amri kwamba bunduki zote za raia zipelekwe kukaguliwa. Watu waliogopa silaha zinazovuka ziwa, na kila mwenye bunduki alitazamwa kwa jicho la pembeni. Baba alipeleka ya kwake siku ile ile. Namba yake nyingine ilikuwa imechongwa kwenye chuma mahali panapofunikwa na mbao, kwa hiyo wakaguzi waliivua mti, yaani ile mbao yote inayobeba chuma tangu begani hadi chini ya mtutu. Wakasoma namba, wakaridhika, wakamrudishia vipande viwili na bahasha yenye skrubu mbili ndefu. Walimwambia atafunga mwenyewe.

Baba alirudi amenuna. Alimwambia Bibi kwamba bunduki ikishavuliwa mti shabaha yake inahama, hata ukiifunga vizuri namna gani, na huwezi kujua imehamia wapi mpaka uipige tena kwenye karatasi. Kisha akakosa bisibisi pana ya kuingia kwenye zile skrubu. Ilibidi asubiri siku mbili ili fundi mmoja wa mtaa wa Mwanga amwazime ya kwake. Kwa siku mbili hizo bunduki ililala kwenye mkeka chumbani, chuma huku na mti kule.

Sasa jirani yangu, msomaji, nikuulize. Bibi yangu alipaka mawese kila kitu. Alipaka mawese bawaba za mlango, visigino vyake, vidonda vya mbuzi, na nywele zangu kila Ijumaa. Mtoto akikohoa, mawese. Kinu kikipasuka, mawese. Ningejuaje mimi kwamba kuna mti duniani usiotaka mawese? Niliuona ule mti wa bunduki umelala pale, umekauka, umepauka, hasa upande wa ndani ambao haukuwahi kuona mafuta tangu babu. Niliuonea huruma. Bibi alipolala mchana niliingia na kibakuli, nikaupaka nje kidogo na ndani sana. Ule mfereji unaolaza chuma niliujaza kwa vidole mpaka ukawa laini kabisa. Nilikaa nao muda mrefu, nikijua kwamba nimekatazwa, na nikijua kwamba nafanya vizuri. Mambo hayo mawili hayakugombana kichwani mwangu hata kidogo.

Usiku ule ulikuwa wa baridi, mawese yakaganda. Kesho yake Baba alipokuja na bisibisi aliona mbao inang'aa, akasema, "Angalau wameipaka mafuta, hawa mabwana." Nilikaribia kupasuka kwa fahari. Akalaza chuma juu ya mti, akakaza skrubu, akarudisha bunduki kwenye gunia.

Wiki hiyo hiyo kiboko akaingia kwenye mpunga. Alikula, alikanyaga, na alfajiri moja aliugonga mtumbwi wa mvuvi mlangoni mwa mto, mvuvi akapona kwa kuogelea. Mtendaji wa kata alikuja kwetu na mgambo mmoja. Alikuwa kijana wa kutoka mkoa mwingine, mwenye viatu safi na kalamu mbili mfukoni, na simlaumu kwa usafi wake.

"Mzee Hamadi, kibali chako kinasema unalinda mashamba. Mpige huyo mnyama leo."

"Leo hapana, Bwana Mtendaji. Bunduki ilivuliwa mti. Simpigi kiboko kwa bunduki nisiyojua inapiga wapi. Nikimjeruhi tu, atamaliza watu."

"Basi ijaribu sasa hivi."

"Hapo ndipo kwenye kazi," Baba akasema, akaelekeza kidevu kwenye michikichi.

Sote tulijua anamaanisha nini. Siku chache nyuma tairi la lori lilipasuka barabarani. Mlio mmoja tu. Watu wa michikichi waliinuka wote kwa pamoja, wakakimbilia ziwani na watoto wao, na msichana mmoja mdogo alitolewa majini akiwa amekwisha kunywa maji. Mahali pengine pa kujaribia bunduki hapakuwapo, maana upande wa mji kulikuwa na nyumba na upande wa ziwa kulikuwa na wavuvi. Palibaki bondeni, penye kichuguu kikubwa cha kuzuia risasi, na kutoka pale mlio ungefika kwenye vibanda kama vile umepigwa mlangoni.

Mtendaji hakuona ugumu. Alisema Alhamisi ataleta lori, wakimbizi wote wapelekwe kambini, wanakotakiwa kuwa, na Baba apige risasi zake apendavyo.

Mama Goreti alikuwa uani na Bibi, kisu mkononi. Aliacha kumenya. Nilimwona akitazama upande wa mwalo.

"Lori la nini?" Baba akasema. "Nitawaambia siku, nitawaambia saa, nitawaambia risasi ngapi. Mtu akijua, hakimbii."

"Na wakikimbia?"

"Hawatakimbia."

"Mzee, nakuuliza. Wakikimbia?"

Baba akasema, "Wakikimbia, lori lako lije."

Mtendaji akasema lori litakuwepo siku hiyo hiyo, barabarani, injini inanguruma. Ndivyo ilivyokuwa. Baba aliweka rehani, kwa ulimi wake mwenyewe, mahali Mama Goreti alipomsubiria mwanawe, na mimi tayari nilikuwa nimeweka mawese kwenye bunduki yake.

Jioni hiyo Baba alinichukua tukapita kibanda kwa kibanda. Nilishangaa kumwona mtu asiyependa maneno akirudia maneno yale yale mara thelathini. Shikamoo kwa wazee, habari kwa wengine, kisha: "Alhamisi saa nne asubuhi nitapiga risasi tatu pale kwenye kichuguu. Tatu tu. Ya nne hamtaisikia. Ukisikia ya kwanza, hesabu moja." Alinyoosha vidole vitatu kwa wasiojua Kiswahili. Wazee wengine walinyoosha vitatu wakamrudishia, wakisema "yego, yego," yaani ndiyo. Mama mmoja alilia tu bila kuuliza swali. Baba alisimama pale mpaka alipomaliza, akamwambia tena, taratibu, tatu.

Tukirudi nilimuuliza kwa nini asiseme tano, ili awe na akiba. Akasema tano ni nyingi kwa mtu anayezisikiliza akiwa kwenye kibanda cha makuti. Tatu zinatosha kupima bunduki kama haina ugonjwa. Niliona fahari tena, maana nilijua jinsi nilivyoipaka.

Alhamisi jua lilikuwa kali tangu mapema. Baba alibandika karatasi ya mfuko wa saruji kwenye kichuguu, akachora kwa mkaa duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Alihesabu hatua mia moja kurudi nyuma, akalaza gunia la pumba za mpunga, akalala kifudifudi nyuma yake. Mtendaji na mgambo walisimama kando. Kazi yangu ilikuwa macho. Ya Baba yalikuwa yameanza kuchoka, na mimi niliweza kumwona nzi kwenye ukuta wa msikiti kutoka barabarani. Kila baada ya risasi, yeye akishafungua bunduki na kuinua mkono, mimi ningekimbia kutazama tundu.

Ya kwanza ililia. Sijui kama mmewahi kusikia bondeni namna mlio unavyokwenda, ukagonga milima, ukarudi. Wote tulitazama michikichi. Kulikuwa kimya. Halafu sauti nyingi zikasema pamoja kitu kimoja kifupi, na nilielewa kwamba wanahesabu.

Nilikimbia. Tundu lilikuwa kushoto ya duara, shubiri nzima. Baba hakushangaa. Alisema kama imehamia kushoto basi tutajua imehamia kushoto, akalala tena, akalenga pale pale. Ya pili ikalia. Michikichi ikahesabu. Nilikwenda nikaona tundu la pili lipo chini, tena upande wa kulia, karibu kutoka nje ya karatasi.

Nilipomwambia, Baba alikaa kitako. Alinieleza mimi, si Mtendaji, kana kwamba ni mimi mwenye kibali. Zingeenda zote kushoto, angesogeza kilengeo, kile kichuma cha kulengea, basi. Lakini moja kule na moja huku, ina maana kilengeo hakina kosa. "Chuma kinaogelea ndani ya mti," alisema. "Kuna kitu kati yao."

Akatoa bisibisi mfukoni, akalegeza skrubu mbili, akainua chuma. Mtutu ulikuwa na joto na jua lilikuwa limeiva, na kutoka ndani ya mti yakashuka mawese, mekundu, yameyeyuka, yakamchuruzika Baba kwenye kiganja. Harufu ikapanda. Ile ile ya juzi jikoni kwangu.

Mtendaji alisogea akainama. Uso wake ulichangamka kama mtu aliyeokota kitu. "Unaona? Watu unaowakaribisha uani. Wamekuharibia silaha makusudi. Hili peke yake linatosha, Mzee Hamadi. Lori lile pale."

Nawaambieni ukweli: nilifikiria kunyamaza. Ulikuwa muda mfupi sana, lakini niliufikiria wote. Kisha nikamwona Mama Goreti na kisu chake, akitazama upande wa mwalo, nikasikia mdomo wangu unafunguka.

"Ni mimi!"

Wote watatu wakageuka.

"Ni mimi niliyepaka. Wao hawakugusa. Nilipaka kwa sababu ulikuwa umekauka, na hakuna mtu alikuwa anauangalia!" Hata katika kukiri sikuweza kukubali kwamba nimekosea kabisa.

Mgambo akacheka kwa pua. Akasema ndiyo maana wazee walikataza mtoto wa kike kushika bunduki, sasa tumeona, shabaha imeharibika. Mtendaji naye akatikisa kichwa kukubaliana naye, yeye aliyesoma.

Baba alikuwa anafuta kiganja chake kwenye nyasi. "Bunduki haijui msichana wala mvulana," akasema. "Inajua mafuta. Angepaka mgambo huyu, ingepiga kombo vile vile." Akachukua mti wa bunduki, ule wa babu, ulioishi juu ya kabati miaka yote ili mimi nisiuguse, akanipa mikononi mbele yao. "Uliyapaka wewe, utayatoa wewe."

Alikuwa na kichupa cha mafuta ya taa kwenye mkoba. Nilichana pindo la gauni langu, nikakaa chini, nikasugua mfereji ule kwa mafuta ya taa, nikakwangua kona kwa kijiti, nikauanika juani, nikasugua tena. Ilichukua muda mrefu. Mtendaji alitazama saa yake mara nyingi, na kila alipoitazama mimi nilisugua polepole zaidi. Baba alipitisha kidole ndani, akakinusa, akanirudishia mara mbili. Mara ya tatu akakubali. Alilaza chuma, akakaza skrubu ya mbele kidogo, ya nyuma kidogo, ya mbele tena, mpaka zote zikagoma.

Risasi ya tatu ilipiga ndani ya duara, upande wa juu kidogo. Nilirudi nikikimbia na kupiga kelele. Baba hakutabasamu.

"Moja ni bahati," alisema. "Nimeivua mti tena mbele yenu. Zile mbili za mwanzo zilipima mawese, hazikupima bunduki. Nahitaji mbili zaidi, nione kama zinakwenda alipo mwenzao."

"Piga, basi," Mtendaji akasema.

"Niliahidi tatu."

"Mzee Hamadi! Nani anahesabu?"

"Wao wanahesabu. Umewasikia." Akafungua bunduki, akailaza juu ya mapaja yake, akakunja mikono. "Nitawapitia tena leo jioni, nipige kesho."

Mtendaji alisema kesho hakuna. Alisema kiboko hatangoja, mvuvi mwingine akifa damu itakuwa juu ya Baba, ataandika barua, kibali kitafutwa, bunduki itachukuliwa, na lori lile litajaa leo hii. Alisema yote hayo kwa sauti ya kupanda, amesimama. Baba alikuwa amekaa, na namna alivyokaa ilionyesha kwamba atakuwepo pale mpaka magharibi. Nami nikakaa kando yake, nikakunja mikono vile vile. Nilikuwa nanuka mafuta ya taa na sikuwahi kujiona mkubwa namna ile.

Mgambo ndiye aliyewaona kwanza. Watu walikuwa wanatoka kwenye michikichi. Hawakuwa wanakimbia. Walikuwa wanakuja upande wetu, ishirini au zaidi, wanatembea kwenye tuta la mpunga mmoja nyuma ya mwingine, na mbele yao Mama Goreti na watoto wake. Alipofika karibu aliwasalimu wote, mmoja mmoja, hata mgambo. Kisha akamgeukia Baba, akamwita kwa jina langu.

"Baba Zaituni. Tumehesabu tatu."

"Ndiyo, mama. Zimekwisha."

"Tumengoja ya nne. Haikuja."

"Niliwaambia haitakuja."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja kitu. "Kule kwetu hakuna aliyetuambia ni ngapi," alisema. Akatazama bunduki, akatazama karatasi kule kwenye kichuguu. "Imepona?"

"Bado sijui. Nahitaji mbili."

"Basi piga mbili. Tutakaa hapa hapa, tuhesabu."

Mtendaji akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli, kwamba mama arudi na watu wake, atawatisha watoto. Mama Goreti alijibu bila kumtazama. "Sirudi nyuma, bwana. Nimekwisha kurudi nyuma sana mwaka huu." Akakaa chini kwenye nyasi, na wote waliokuwa nyuma yake wakakaa.

Hapo ndipo nilipoona kitambaa. Alikuwa amechana kanga kuukuu kwa urefu, akafunga ncha moja kiunoni mwake, na kwenye ule utepe akafunga bangili za kitambaa, moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa mkononi mwa Pasi. Moja mkononi mwa Goreti. Ya tatu ilining'inia tu, haina mtu. Nilidhani ni mchezo. Nilikuwa nimetoka kuwa shujaa na sikutaka kuachwa nje ya kitu chochote, nikamwambia na mimi nataka kufungwa.

Goreti alimtazama mama yake haraka. Mama yake alinitazama mimi. Kisha akachukua mkono wangu unaonuka mafuta ya taa, akaupitisha kwenye ile bangili ya tatu. Ilinipwaya. Akaikunja mara moja ili isichomoke, akasema, "Kaa karibu, mwana wanje."

Baba alisema kwa sauti kubwa, "Moja!" kabla hajapiga, na akapiga. Utepe ulivutika wote kwa pamoja, ukaniumiza kifundo cha mkono, kisha ukalegea. Hakuna aliyeinuka. "Moja," watu wakasema. Baba akasema, "Ya mwisho!" akapiga. "Mbili," wakasema, na Pasi, aliyekuwa anajifunza kusema, alisema mbili baada ya wote, peke yake, na watu wakacheka kwa namna ya kupumua.

Nilisahau kwamba nimefungwa, nikataka kukimbia kwenye karatasi. Mama Goreti akanifungua. Matundu matatu yalikuwa pamoja upande wa juu wa duara. Niliyafunika yote kwa kiganja changu kimoja, kiganja cha mtoto wa kike wa miaka tisa, nikakaa nimeyafunika vile mpaka Baba alipofika. Lori liliondoka mchana likiwa tupu, na mgambo wake amekaa nyuma peke yake.

Kiboko alipigwa siku ya tatu, risasi moja. Mtendaji aliandika kwenye ripoti yake kwamba kazi ilisimamiwa na ofisi yake, na Baba alipoambiwa alisema ofisi ilisimama kweli, tena imesimama wima. Mama Goreti alibaki kwetu mpaka mpunga ukavunwa, akiteremka mwaloni kila asubuhi. Mwishoni alipanda lori kwa hiari yake, kwa sababu mvuvi mmoja alimletea habari kwamba kambini yupo mvulana wa jina hilo. Kama alikuwa yeye, sijui mpaka leo. Nimeuliza. Bado nauliza.

Kwa miaka mingi nilipoisimulia habari hii niliisimulia kama habari ya Baba na ya kwangu: ubishi wetu, mawese yangu, kiganja changu juu ya matundu. Niliisimulia hivyo mpaka siku moja, nikiwa mama tayari, niliposhuka na mwanangu kwenye stendi yenye watu wengi, mtu akapiga kelele ya mwizi, umati ukageuka wote kwa mara moja, na nikajikuta nimemshika mkono mwanangu kwa nguvu hadi akalia. Nilimwachia nikaona alama za vidole vyangu. Nikakumbuka kitambaa kile, na nilivyoona kwamba kinanipwaya.

Kwa hiyo msiniambie kwamba siku ile wale watu hawakuogopa. Waliogopa kuliko sisi sote, na wakaja, na wakakaa. Na ile bangili ya tatu haikuwa imesazwa. Ilikuwa imefungwa kwa kipimo cha mkono wa mvulana wa miaka kumi na miwili, na mama yake, kwa muda wa risasi mbili, alinivalisha mimi.